Mstari wa Uongo katika Daftari la Mamboleo

Mwalimu,

Karatasi hii imekaa kwenye mashine tangu nifungue ofisi asubuhi, na mpaka sasa saa sita nimepiga neno moja, hilo hapo juu. Ulikuwa ukiniambia kwamba mimi ni hodari wa barua za watu na bubu wa zangu. Ni kweli. Nipe barua ya kuomba kazi ya ulinzi, au ya kumlalamikia chifu, au ya mkwe anayeomba asogezewe siku ya kupeleka ng'ombe, nitakupigia kurasa mbili bila kuinua macho. Yangu mwenyewe, nakuna kichwa. Na kichwa chenyewe kimebaki na nywele za pembeni tu. Umekosa mengi tangu uondoke, lakini hilo usilihesabu.

Nianze na habari za huku. Ziwa limefunikwa na magugu. Ukisimama ufukweni Dunga huoni maji, unaona kitu kama shamba la mboga ambalo halina mwenyewe, na wanaume wanasukuma mashua kwa miti mirefu, jasho linawatoka, kama watu wanaolima badala ya kuvua. Yule fundi viatu jirani yangu amehama, na pale pake pamefunguliwa ofisi ya kompyuta. Barua ikikosewa pale inafutwa bila kuacha alama, na wateja wanapenda sana. Mimi nimebaki na wazee wasioamini karatasi ambayo haijagongwa mpaka ikatoboka. Na ile presha iliyokuchukua wewe, daktari ameniambia na mimi ninayo. Nimeacha chumvi. Au tuseme nimepunguza. Tuseme nimeahidi kupunguza.

Lakini sikukalia kiti hiki kukueleza habari za magugu. Nakuandikia kwa sababu ya mstari mmoja.

Dada yako alinipa lile sanduku la madaftari yako. Kuna mchapishaji wa Nairobi ambaye anataka kuzifanya zile taarifa zako mbili, ya Sondu na ya soko la Mamboleo, ziwe kitabu kimoja. Kitabu, Mwalimu, chenye jalada. Nakala tulizorudufu zimefifia, nyingine zimeliwa na mchwa, kwa hiyo nikaombwa nipige upya kutoka kwenye madaftari yako. Nikayatoa moja moja, yamefunikwa karatasi ya kaki kama ya mtoto wa darasa la tatu. Sondu nikamaliza. Nikafika Mamboleo, ukurasa wa mwisho, pembeni, kwa mwandiko wako ule uliosimama wima kama wanafunzi kwenye paredi, nikakuta: "Kosa la jina la Wambui ni langu." Na sahihi yako.

Nilifunga ofisi nikaenda kunywa chai. Nilikunywa vikombe vitatu, na vyote sikusikia sukari.

Ule mstari ni uongo. Katika madaftari yote ya sanduku lile, umejaa ukweli ambao watu waliogopa hata kuunong'ona, na uongo ni huo mmoja. Na uliuandika kwa ajili yangu. Sasa nikiupiga ulivyo, utakwenda Nairobi, utachapishwa, na watu ambao hawajazaliwa watasoma kwamba wewe, mwanamke uliyekuwa makini kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpigia taipu, ndiye uliyemponza mama wa watu. Nikiubadilisha, basi lazima niseme ni nani. Nimekaa na jambo hilo wiki tatu. Nataka nikueleze lilivyokwisha. Lakini nitaanza mbali, unanijua.

Ulikuja kwangu miaka ya themanini ikiisha. Walikuwa wamekufukuza kazi ya kufundisha historia kwa sababu uliwaambia wasichana kwamba historia bado inaendelea, na inaonekana kulikuwa na amri kwamba imekwisha. Ukaniletea kurasa nne za maelezo ya mama mmoja aliyepigwa na askari wa soko. Nikapiga vizuri sana, nikajisifu moyoni. Kesho yake ukarudi na karatasi ile ile, imejaa wino mwekundu, na juu umeandika sita kwa kumi. Mimi, mtu mzima mwenye ofisi.

"Karani," ukaniambia, "mama amesema 'walinipiga.' Wewe umeandika 'nilipigwa.' Waliompiga umewapeleka wapi?"

Nikasema, Mwalimu, nilipigwa inasikika ya heshima zaidi. Ukanitazama juu ya miwani. "Heshima kwa nani?"

Nikapiga upya. Nikapata saba. Miaka yote ile sikuwahi kupita nane, na hiyo nane nilipewa siku niliyokuwa na homa, nadhani ni huruma.

Halafu wale watu wetu wakafukuzwa kule mpakani, Sondu, wakajaa kwenye uwanja wa kanisa na magodoro na kuku. Tukaenda. Nilidhani tutafika, uulize, uandike, turudi. Kumbe siku ya kwanza daftari halikutoka hata kwenye mfuko. Ulikaa chini ukapukuchua mahindi na wale akina mama mpaka jioni, ukiuliza habari za mahindi. Siku ya pili vile vile. Mimi vidole vyangu vya taipu vikatoka malengelenge, wakanicheka, mama mmoja akaniuliza kama kwetu mahindi huota yakiwa yamepukuchuliwa. Siku ya tatu ni wao waliokuuliza: "Mwalimu, sasa wewe huandiki?" Ndipo ukafungua.

Na baada ya kuandika ulimsomea kila mtu maneno yake kabla hayajaja kwangu. Neno kwa neno, kwa Dholuo, lugha yetu, kwa sauti ya chini. Akisema futa hapa, unafuta. Hata sentensi nzuri. Kulikuwa na moja ya mzee aliyeacha nyumba yake ikiungua akarudi kuchukua miwani ya marehemu mkewe. Alisema futa, ukafuta. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuilia.

Unakumbuka mlango? Mtu alisema mlango wa nyumba yake ulikuwa wa samawati, jirani akasema kijani. Nikasema Mwalimu, nyumba yenyewe imekuwa majivu, nani atauliza rangi ya mlango? Ukasema atakayetaka tuonekane waongo ataanzia hapo hapo kwenye mlango. Ukanirudisha Sondu. Nikatambaa kwenye majivu, nikakuta kipande cha fremu nyuma ya bawaba, samawati, nikakuletea kwenye bahasha. Uliiweka kwenye daftari. Bado imo. Nimeiona.

Kwa hiyo nisamehe nikishangaa. Mtu aliyenituma kilomita zile zote kwa ajili ya rangi, ndiye aliyeandika mstari ule.

Baada ya Sondu watu walikupenda, hiyo nilikuonea wivu. Dunga walikuwa wakikuchagulia samaki, ngege mkubwa, wanakufungia, wanakataa hata kukuongezea bei. "Huyu ni wa Mwalimu." Harusini unakalishwa mbele. Ungeweza kuishia hapo. Mimi ningeishia hapo, ningekaa mbele harusini mpaka nife.

Lakini ikaja Mamboleo. Alasiri moja vijana walishuka kwenye lori, wakapindua vibanda vya wale wafanyabiashara waliotoka sehemu za kati, wakavitia moto, wakawaambia warudi kwao. Kwao wapi? Wengine watoto wao wamezaliwa hospitali ya hapa Kisumu, wakigombana wanatukanana kwa Dholuo safi. Na wale vijana, safari hii, walikuwa wetu. Nilijua utaenda. Niliomba Mungu uwe na mafua.

Ulipokuja na daftari nilikwambia, Mwalimu, watu watasema unaandika mabaya ya nyumbani. Ukasema, "Wino ni ule ule, Karani. Weka stensili."

Sasa nifike kwenye kosa langu, nimezunguka vya kutosha.

Shahidi mkubwa alikuwa Njeri, muuza viazi. Aliliona lile lori na akalijua, kwa sababu kila Jumanne ndilo lililomletea viazi vyake. Akamjua na mwenye lori, mkubwa mmoja wa hapa. Alikuambia yote, halafu akakimbilia kwa kaka yake Nakuru, na sharti lake lilikuwa moja tu, jina lake lifichwe. Siku ya kupiga stensili za kurudufia ulikuwa unakimbilia hospitali kumwona mumewe aliyevunjwa mkono. Ukasimama mlangoni ukasema, "Karani, mtafutie Njeri jina lingine. Angalia vizuri." Ukaenda.

Angalia vizuri. Mimi nimeishi na watu wale katika mji mmoja tangu nikiwa na kaptula. Nimenunua viazi vyao, mayai yao, tambi za stovu. Na hapo kwenye kiti hiki nikagundua kwamba majina ya wanawake wao niliyoyajua yalikuwa mawili. Moja ni Njeri, ambaye ndiye wa kufichwa. Basi nikapiga Wambui. Sikufikiri hata muda wa kupuliza chai. Ni sawa na mtu atafute jina la kumfichia mwanamke wa Dunga, aseme haya, tumwite Achieng'. Wangesimama Achieng' kumi na mbili na visu vya kupasulia samaki.

Ila kumi na mbili ingekuwa afadhali. Mamboleo kulikuwa na Wambui mmoja tu. Aliuza uji hatua ishirini kutoka pale Njeri alipouzia viazi. Hakuwa ameona kitu. Siku ya lori alikuwa hospitali na mtoto wake mwenye surua. Taarifa ikasomwa kwa sauti katika baa moja, "Wambui, mfanyabiashara wa Mamboleo, anasema alilitambua lori," na vijana hawakuhitaji ramani. Wakamwaga uji wake, wakavunja jiko, wakampa wiki moja aondoke, la sivyo watarudi.

Alikuja ofisini mchana ule, kanga imeloa uji, karatasi yetu mkononi. Wewe ulikuwa umekaa pale kwenye benchi. Hakupiga kelele. Aliweka karatasi mezani akaweka kidole. "Hii Wambui ni nani? Mimi sijaongea na mtu. Nataka kujua ni nani ameandika jina yangu."

Ukanitazama mimi. Sekunde moja hivi. Na mimi, Mwalimu, nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nabadilisha riboni ya wino ya mashine. Riboni niliyokuwa nimeibadilisha jana yake.

Ukasimama. Ukasema, "Mama, jina hilo nimeliweka mimi. Nimekukosea sana."

Alipoondoka nilifungua mdomo, ukanizuia kwa mkono. "Una watoto watatu na leseni ya duka. Mimi wameshanifukuza kazi, watanifukuza wapi tena." Hukulisema kwa uchungu, ulilisema kama mtu anayegawana mizigo barabarani, hebu nipe huo mzito. Na mimi nikakupa. Nikashukuru hata.

Asubuhi iliyofuata ulikuwa Mamboleo umefunga aproni. Ukamwambia Wambui kwamba wakirudi watakukuta wewe. Ulikaa kwenye benchi la kibanda chake wiki ile yote na mbili nyingine, kuanzia chai ya asubuhi mpaka watu wanafunga. Nilikuja kukuona, kwa mbali kidogo, nasema ukweli. Mpishi hukuwa. Nilimsikia mvuta mkokoteni mmoja akikulalamikia.

"Mwalimu, hii uji iko na mawe."

"Ni madonge. Tafuna."

"Uji inatafunwa?"

"Ya kwangu inatafunwa."

Akacheka, akatafuna, akaongezwa.

Wiki ilipotimia wakaja, mchana kweupe, wanne. Wambui akaingia nyuma ya turubai na mtoto wake. Wewe hukuinuka. Siku hiyo ndiyo pekee niliyokuona ukivunja sheria yako, ulifungua daftari kabla hata ya salamu. Ukamgeukia wa kwanza, kwa Dholuo, sauti ile ile ya darasani.

"Jina lako?"

Akasema wewe mama, hatukuja kuandikwa.

"Najua. Jina lako, halafu la baba. Taratibu, nisikosee, kuna mtu ameshaumia hapa kwa sababu ya jina kuandikwa vibaya."

Wa pili akaanza kurudi nyuma. Ukamwita, "Na wewe, usiende, nitakusomea kabla ya kupeleka." Hakuna aliyetaka kusomewa. Waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya ameitwa mahali. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya gari la nyanya.

Baada ya hapo Dunga ukawa huuziwi. Ngege wamelala pale, macho yanang'aa, na yule mama anakwambia, "Mwalimu, imeisha." Unasema basi nipe hata omena, wale dagaa. "Omena pia imeisha," na yeye amekalia gunia lake. Ulitoka pale unacheka, nikadhani kweli inakuchekesha, mpaka nilipokuona umepita nyumbani kwako bila kugeuka, ukaendelea kutembea.

Nami nikaja kutembelewa na wakubwa wawili wa suti. Wakauliza, ni wewe ulipiga hii? Nikasema ndiyo, wakubwa, lakini mimi nikipiga sisomi. Macho yanaona herufi, maneno hayaoni. Wakacheka mpaka mmoja akakohoa, wakaenda zao. Nililipenda sana jibu lile. Nimelisimulia miaka, watu wakininunulia soda. Wewe peke yako hukuwahi kulicheka, na sikuuliza kwa nini.

Kwenye mazishi yako nilipiga mimi ule wasifu. Wazee wa ukoo wakaniambia niandike Sondu, nisiandike Mamboleo, siku ya msiba si siku ya kuchokoza watu. Nikapiga walivyosema. Sikusoma, si ndiyo kawaida yangu? Waliokunyima samaki walikuja, wakalia kuliko wote. Wambui naye alikuja, na wanawake wengine wawili, wakasimama karibu na ua. Wasifu ukasomwa kwenye kipaza sauti mwanzo hadi mwisho. Nilimwona akisubiri. Alisubiri mpaka wakaanza wimbo, halafu akainama akachukua kikapu chake.

Basi. Alhamisi iliyopita nilikwenda Mamboleo.

Siku hizi ana hoteli, mabati juu na chini, meza nne. Akaniletea uji na mandazi bila kuuliza. Nikaongea habari za mvua. Nikaongea habari za magugu. Nikaanza habari za sukari, akanikatiza.

"Karani, kunywa useme. Umekuja na uso ya mtu anapeleka habari ya msiba."

Nikasema lile jina, miaka ile, kwenye karatasi. Halikuwa la Mwalimu. Ni mimi niliyeliweka.

Alikuwa anageuza mandazi. Akageuza mengine mawili. "Najua," akasema.

Tangu lini?

"Tangu hiyo siku. Mwalimu alikuwa anajua majina ya wasichana wangu wote, na ya mama yangu, na ya mama ya mama yangu. Akitaka kuficha Njeri angetafuta jina hapa Mamboleo hakuna mtu anaitwa. Mtu anaandika Wambui ni mtu anajua majina mbili." Akanitazama. "Halafu hiyo kitu ulikuwa unavuta kwa mashine. Mikono ilikuwa nyeusi mpaka hapa."

Nikauliza mbona hakusema.

"Niseme nini? Mtu mzima amesimama anasema ni yeye. Nimwambie unadanganya?" Akayatoa mandazi kwenye mafuta. "Na mimi nilikuwa nimenyamaza yangu. Walikuwa wananiuliza wewe ndiye Wambui, na nilijua ni Njeri. Sikusema. Sasa sisi wawili, mimi na Mwalimu, tulikuwa tumenyamaza, nikajua huyu wa tatu atakuja mwenyewe. Nilifikiria utachukua wiki moja." Akafuta mikono. "Kutoka mjini mpaka hapa ni mbali sana, Karani?"

Nilikunywa uji. Hauna madonge.

Ndipo nikamweleza habari za kitabu. Nikamwambia nataka kurekebisha ule mstari, nitaandika kwamba kosa lilikuwa la karani. Nilikuwa nimeipanga sentensi hiyo njiani na niliiona nzuri, yenye unyenyekevu.

"Karani gani?" akasema. "Kisumu iko na makarani wangapi? Andika jina."

Jina langu?

"Yako na ya baba. Mimi yangu iliandikwa bila kuulizwa. Wewe nakuuliza."

Mwalimu, niliomba siku mbili. Yule mwenye lori bado yupo, amenenepa, sasa ni mwenyekiti wa mambo fulani na hupita mbele ya ofisi yangu akinipungia. Jina langu likiwa kwenye kitabu kile, watu wa kwetu watajua kwamba Mamboleo niliipiga na niliisoma, kila neno, na nililisoma nikijua. Hapatakuwa tena na macho yasiyoona maneno. Mzaha wangu wote wa miaka umekwisha hapo, na pengine wateja pia. Nikamweleza mke wangu, nikitumaini atanikataza. Aliwaza sana. Akauliza kama watoto watasumbuliwa shuleni, nikasema sijui. Akasema, "Piga. Lakini lipa leseni kwanza, wasipate sababu."

Nimelipa Jumatatu. Jana nikapiga.

Nilikusudia kuufuta mstari wako. Nikashindwa. Nikiufuta, nani atajua ulivyokuwa? Kwa hiyo nimeuacha ulivyo, na sahihi yako, na chini yake nimepiga hivi: "Si kweli. Jina la Wambui liliwekwa na Barnaba Ouma Okelo, mpiga taipu wa Kisumu, ambaye baada ya miaka thelathini mjini alijua majina mawili ya majirani zake. Wambui hakuwa ameona lori, hakuwa amesema neno kwa mwandishi, na alipotishwa hakumtaja aliyeona. Mwandishi alijitwika kosa hili mwenyewe na akakaa na Wambui wiki tatu." Msomaji ataona mistari yote miwili, wa mtu aliyesema uongo na wa mtu aliyesema kweli, na natumaini ataelewa ni nani wa kuigwa.

Nimerudia ukurasa huo mara tano. Jina la baba yangu nalo limenishinda kuligonga sawasawa, kama nimeanza kazi leo.

Sasa nakuaga, nina mengi ya kufanya. Keshokutwa nauchukua ukurasa nikamsomee Wambui, polepole, na akisema futa, nitafuta, hata neno ninalolipenda. Halafu natafuta basi la Nakuru, mimi ninayetapika kabla ya kufika Kericho. Njeri hajaulizwa tangu siku ile kama bado anataka kufichwa, na kama anataka, afichwe chini ya jina gani. Nakuahidi kitabu hakiendi Nairobi kabla sijamwona, na jina sitamchagulia mimi. Nitakaa, nitamenya viazi kama ni lazima, nitangoja mpaka aseme mwenyewe.

Oriti, kwaheri, Mwalimu. Lala. Huku tumekupunguzia mzigo mmoja, ulikuwa wangu.

Barnaba Ouma Okelo